Ramary na Mamary: Nyumba ya Wamisionari Wawili Wazee wa Kuruman

Vitabu vingi vinavyosimulia habari za wamisionari katika Afrika hupenda safari. Humfuata mtu mtoni, nyikani na milimani. Huhesabu maili alizokwenda na watawala aliokutana nao. Na mtu huyo akisharudi nyumbani kwake, kitabu hufungwa, kana kwamba hakula, hakulala, wala hakuwa na mke aliyemngoja. Katika insha hii nataka kushika njia nyingine. Nataka kubisha hodi katika nyumba moja tu, na kutazama jinsi watu wawili walivyoishi humo tangu ujana wao hata uzee, mbali na nchi waliyozaliwa. Naamini kwamba mambo makubwa yaliyotoka katika nyumba ile hayafahamiki vema mpaka yajulikane madogo yaliyokuwa ndani yake.

Nyumba yenyewe iko Kuruman, katika sehemu ya kaskazini ya Afrika Kusini, nchi ya Watswana, na kuta zake zingali zimesimama. Waliokaa ndani yake ni Robert Moffat, Mskochi aliyezaliwa Ormiston mwaka 1795, na mkewe Mary Smith, Mwingereza aliyezaliwa mwaka uo huo karibu na Manchester. Ulaya walijulikana kwa majina hayo. Watswana hawakuwaita hivyo. Mwaka 1821 mtoto wao wa kwanza alizaliwa akapewa jina la mama yake, na tangu hapo baba akawa Ramary na mama akawa Mamary, yaani Baba Mary na Mama Mary. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufasiriwa desturi hii. Mtu huitwa kwa jina la mwanawe pale anapohesabiwa kuwa mtu wa pale pale, mwenye mlango unaojulikana na moto unaoombwa. Basi swali langu ni hili: watu wale wawili walioitwa kwa jina la ujirani, je, walikuwa majirani kweli, au walibaki wageni mpaka mwisho?

Robert alikuwa mtunza bustani kabla hajawa mhubiri. Alifanya kazi kwa baba yake Mary, James Smith, aliyekuwa na bustani ya miche huko Dukinfield, na hapo ndipo vijana hao walipojuana. Aliwasili Cape Town mwanzo wa mwaka 1817 akiwa peke yake, ametumwa na Shirika la Misioni la London, kwa kuwa wazazi wa Mary walikataa binti yao asiende katika nchi wasiyoijua. Walishikilia neno lao zaidi ya miaka miwili. Halafu wakalegea, Mary akapanda meli, na tarehe 27 Desemba 1819 wakaoana mjini Cape Town. Kutoka hapo walikwenda kwa gari la maksai, wiki baada ya wiki, mpaka kwa Watlhaping wa chifu Mothibi. Baadaye, mwaka 1824, walianza kuhamia bonde la Seodin, chini ya chemchemi kubwa iitwayo Jicho la Kuruman, itoayo maji kiasi cha lita milioni 20 kwa siku hata wakati wa kiangazi.

Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ramary hakungoja kupewa, alilishika mwenyewe. Yeye na mwenzake mzee Robert Hamilton walichimba mfereji kuyaleta maji mashambani, wakajenga nyumba, wakapanda miti ya matunda na mboga za Ulaya. Lakini jembe la mgeni lina habari zake. Katika kituo chao cha kwanza, kabla ya kuhamia Seodin, mfereji wa misioni ulipita katika mashamba ya wanawake wa Kitlhaping. Mvua ilipokosekana, wanawake wale waliufungua mfereji ili maji yaingie kwenye mimea yao. Wamisionari wakaenda na majembe kuyarudisha. Na mwisho wanawake wakabomoa boma la maji lililokuwa juu, watu wote wakakosa.

Moffat aliyasimulia mambo hayo kuwa ushahidi wa ugumu wa mioyo. Kalamu ilikuwa yake. Wanawake wale hawakuacha kitabu. Lakini mtu yeyote aliyewahi kulima anaweza kuisoma kesi ile upya. Katika Watswana wa siku hizo kulima kulikuwa kazi ya wanawake, na mwanamume alishughulika na ng'ombe. Mwanamke aliyeona mtama wa watoto wake unanyauka, na maji yanapita miguuni pake kwenda kwenye bustani ya mgeni, hakuwa na haja ya kufundishwa uovu ili achukue jembe. Hapa twaona kwamba ugomvi wa kwanza wa misioni ile na jirani zake haukuwa juu ya mbingu. Ulikuwa juu ya maji.

Tuingie ndani sasa. Mary alikulia katika nyumba ya watu wenye nafasi. Mwanzoni hakupenda kuona sakafu ikisiribwa kwa mavi ya ng'ombe. Baadaye aliwaandikia jamaa zake kwamba sakafu za vyumba vyake vyote husiribwa hivyo angalau mara moja kwa juma, akasifu jinsi dawa ile inavyotuliza vumbi na kuua viroboto. Barua hiyo ni ndogo, lakini mimi naiona kuwa hati kubwa ya historia. Mke wa mmisionari alikuja kufundisha namna ya kuishi. Kabla mwaka haujapita, yeye ndiye aliyekuwa amefundishwa, na mwalimu wake bila shaka alikuwa mwanamke wa Kitswana ambaye jina lake halimo katika barua.

Masomo mengine yalikuwa machungu zaidi. Nyumba ya mzungu ilikuwa ajabu, na watu waliingia na kuketi kama walivyopenda, wakaacha alama za mafuta na udongo mwekundu waliojipaka katika kila walichogusa. Siku moja Mamary alimwomba mwanamke mmoja atoke jikoni ili mlango ufungwe, maana ilikuwa saa ya ibada. Mwanamke akanyanyua kipande cha ukuni ili amtupie. Mamary akamwachia jiko, akamfuata mumewe kanisani, huku akijua kwamba akirudi huenda asikute vyote alivyoviacha. Mume aliona katika hayo ujeuri. Lakini katika mji ambao mlango wa nyumba haukuwa kitu cha kumfungia jirani, yafaa tuulize vilevile huyo aliyetolewa jikoni aliona nini.

Hapakuwa na duka la karibu. Kilichovunjika kilitengenezwa pale pale au kilikosekana. Mishumaa na sabuni zilitoka katika mafuta ya kondoo. Chuma kilifuliwa na Ramary mwenyewe, ambaye alijitengenezea mivukuto kwa ngozi. Alijua hata kushona. Utotoni mama yake alimfundisha kazi ya sindano, na tena akamwonyesha kwamba shati likikunjwa vizuri na kupigwa kwa kipande cha mti laini hunyoka bila pasi. Mtoto alidharau somo hilo. Mtu mzima alilikumbuka Afrika, akalitumia, na kumshukuru mama.

Miaka ilipita bila mtu kubatizwa. Katika miaka hiyo ya ukame, rafiki mmoja wa Uingereza alimwandikia Mary kumwuliza angependa apelekewe zawadi gani. Mary alijibu kwamba apelekewe vyombo vya Meza ya Bwana. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kukaa mezani hapo. Watu sita wa kwanza wakabatizwa Julai 1829, na sanduku lenye vyombo likafika wakati huo huo vilipohitajiwa. Mwenye imani ataliita jambo hili jibu la sala. Mwanahistoria atatazama pia tabia ya mwandishi wa barua. Mumewe alikuwa na safari za kumtuliza moyo, na kila safari ilimwonyesha kitu kipya. Mary alikuwa na kuta nne na miaka isiyobadilika, na humo ndimo alimoagiza vyombo vya karamu isiyo na wageni. Baada ya ubatizo huo alifungua darasa la kushona kwa wanawake waliotaka nguo za namna mpya.

Lugha nayo ilikuwa kazi ya nyumbani. Kwa miaka mingi Moffat alihubiri kwa Kiholanzi, na mkalimani akafasiri, wakati mwingine vibaya. Mwaka 1827 alikata shauri, akamwacha mkewe na watoto Kuruman, akaenda kukaa miezi kati ya Barolong mpaka Kitswana kikamwingia. Aliporudi alianza kufasiri. Injili ya Luka ilipigwa chapa Cape Town mwaka 1830, naye alishiriki mwenyewe katika kupanga herufi. Mwaka 1831 mtambo wa kupigia chapa ulikuwa Kuruman. Yasemekana mtu mmoja alipewa karatasi ya kwanza ingali mbichi, akaenda nayo mjini akiwaonyesha watu kitu kilichofanywa mara moja kwa nyundo nyeusi na mtikiso wa mkono. Agano Jipya lilitoka London mwaka 1840, na mwaka 1857 Agano la Kale lilikamilika. Kitswana kikawa katika lugha za mwanzo za kusini mwa Afrika kupata Biblia nzima.

Hapo mezani, kati ya wino na mishumaa ya mafuta ya kondoo, lilifanyika jambo ambalo halijaisha kuzungumzwa. Watswana walikuwa na neno Modimo, na Moffat alilichukua kwa maana ya Mungu. Walikuwa pia na neno badimo, lenye shina lilo hilo, nalo ni jina la wazee waliokufa ambao huulinda ukoo na kuukanya. Neno hilo la pili Moffat aliliweka mahali pa pepo wachafu. Mswahili na alisikilize vema, kwa sababu badimo wa Watswana na mizimu yetu ni neno moja lililokua katika matawi mawili ya lugha za Kibantu. Basi Mtswana aliyejifunza kusoma kwa juhudi, akafungua Injili, alimkuta Yesu akiwafukuza badimo. Kwa neno moja, babu na bibi za msomaji walitolewa nje ya mlango. Mwanachuoni Musa Dube wa Botswana alilichambua jambo hili katika makala ya mwaka 1999, akaonyesha jeraha lililoachwa na kalamu ile.

Hapana haja ya kudhani kwamba Moffat alikusudia ukatili. Aliamini na kuandika kwamba watu wale hawakuwa na dini hata chembe, na mtu asiyeona kitu hawezi kukiheshimu. Ajabu ni kwamba alikuwa akiishi kati yao, akiitwa kwa desturi yao, akilala juu ya sakafu yao. Alijua majina ya ng'ombe na ya majani. Alijua kusema mpaka watu wakastaajabu. Lakini kuijua lugha ya jirani si sawa na kumsikiliza.

Uchungu wa nyumba hiyo ulikuwa hasa juu ya watoto. Mary alizaa kumi, na si wote waliokua. Waliokua walipelekwa shule mbali, upande wa mashariki wa koloni la Cape, wakakaa miaka bila kuwaona wazazi wao. Mwaka 1839, familia ilipopanda meli kwenda Uingereza, Mary alijifungua binti, Elizabeth, na baada ya siku chache mwanawe Jamie, mwenye miaka sita, akafa. Walirudi Kuruman mwaka 1843, na mwaka uliofuata binti yao Mary, aliyekuwa sababu ya jina la wote wawili, aliposwa chini ya mlozi wa bustani ya baba yake na David Livingstone, aliyekuja kupona jeraha la simba.

Dunia yamjua Livingstone kwa safari zake. Mama mkwe wake alimjua kwa upande mwingine. Mwaka 1851, alipopata habari kwamba mkwewe anataka kumvusha tena binti yake mjamzito pamoja na watoto katika nyika ya Kalahari, baada ya kitoto kimoja kufa katika mwaka uliotangulia, alimwandikia barua ya ukali, akimlaumu kwa kuwaburuta watoto katika hatari. Mwanamke huyo alikuwa amevumilia kuachwa kila mumewe alipokwenda kwa Mzilikazi, mfalme wa Wandebele, safari tano kati ya mwaka 1829 na 1860. Alivumilia bila kulalamika sana. Lakini alijua mpaka wa uvumilivu uko wapi, akausema. Mkwe hakusikia.

Ndivyo walivyozeeka. Ramary na Mamary walipofika miaka ya 1860 walikuwa na umri wa miaka zaidi ya 65, na kituo chao kilikuwa na kanisa la mawe lililofunguliwa mwaka 1838, miti mirefu, na watu waliozaliwa wakiwakuta pale. Wangetazamiwa kupumzika. Badala yake misiba iliandamana. Tarehe 27 Aprili 1862 Mary Livingstone alikufa kwa homa huko Shupanga, ukingoni mwa mto Zambezi, na habari zilikawia njiani kwa miezi. Mwaka uo huo mwana wao Robert akafariki. Mwaka 1866 mume wa binti yao Ann, Jean Fredoux, aliuawa kwa baruti iliyolipuka katika gari la mfanya biashara, akamwacha mjane na watoto. Jina la Mamary likabaki baada ya Mary mwenyewe kwenda. Kila aliyemwita kwa heshima alimtajia mtoto aliyezikwa mahali ambapo mama hakupata kuona.

Hata hivyo kazi ya siku iliendelea: kuhubiri, kusahihisha tafsiri, kuandika barua, kuwapokea wasafiri, kuitunza bustani. Mwana wao John alihamia Kuruman mwaka 1865 kuwasaidia. Nguvu zilipungua, na mwisho wakakubali kwamba lazima waondoke. Tarehe 20 Machi 1870 mzee alihubiri Kuruman mara ya mwisho. Siku chache baadaye, walipotoka mlangoni kwenda kwenye gari, watu walijaa njiani, kila mmoja akitaka kushika mikono yao, na kilio kikaandamana na magurudumu. Hapo majina yaliyoitwa yalikuwa Ramary na Mamary.

Walifika Uingereza Julai mwaka ule. Mary alikuwa amerudi kwao, kama tusemavyo. Lakini miezi sita haikutimia, akafa Brixton, London, tarehe 10 Januari 1871. Mume wake alisema kwamba kwa miaka 53 alikuwa na mtu wa kumwombea, na sasa hana. Yeye aliishi mpaka Agosti 1883. Mwaka 1874 alisimama Westminster, mkwewe alipozikwa. Maiti ile ilikuwa imebebwa na Chuma, Susi na wenzao kutoka nchi ya chifu Chitambo mpaka Bagamoyo. Na mkwe mwingine, Roger Price, mume wa yule Elizabeth aliyezaliwa melini, aliujaribu mwaka 1876 usafiri wa maksai kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, akitumaini kwamba desturi ya njia za Kuruman itafaa katika nchi yetu. Mwaka uliofuata maksai walikufa, na tumaini hilo likafa pamoja nao. Hivyo nyumba ile ya mbali iligusa hata pwani yetu.

Lakini iligusa mahali pengine kwa uzito zaidi. Urafiki wa Robert Moffat na Mzilikazi ulikuwa wa kweli, kadiri tunavyoweza kupima mioyo ya watu. Mwaka 1888 mtoto wa mmoja alikutana na mtoto wa mwingine. John Moffat, ambaye sasa alikuwa mtumishi wa serikali ya Uingereza, alimwendea Lobengula, naye tarehe 11 Februari akatia alama katika mkataba wa kutofanya mapatano na dola nyingine bila idhini ya Waingereza. Baada ya miezi michache watu wa Cecil Rhodes walipata hati ya madini, na miaka mitano baadaye ufalme wa Lobengula haukuwapo. Sisemi kwamba mzee wa Kuruman alipanda mti huo kwa kusudi. Nasema kwamba jina lililopata kuaminiwa kwa miaka sitini lilikuwa mali, na mali ya baba hurithiwa na watoto, wakaitumia watakavyo.

Basi tulijibu swali letu. Je, walikuwa majirani au wageni? Mwenye kupenda kusifu atataja maji, miti, kitabu, na machozi ya mwaka 1870. Mwenye kupenda kulaumu atataja mfereji, badimo, na mkataba. Mimi naona kwamba ujirani una milango miwili. Mmoja hufunguliwa na wenyeji, na huo Watswana waliufungua mapema, siku mtoto alipozaliwa. Waliwapa wageni wao jina kabla hawajapokea dini yao. Mlango wa pili hufunguliwa na mgeni mwenyewe, anapokubali kwamba mwenyeji naye ana jambo la kumfundisha. Katika mlango huo Mamary aliingia kwa sakafu, kwa unyenyekevu wa mtu anayejua kwamba vumbi halina kabila. Ramary aliingia kwa ulimi, lakini kwa moyo akasimama kizingitini.

Kwa ajili hiyo nashauri wanafunzi wa historia wasiishie kwenye ramani za safari. Waulize sakafu ilisiribwa na nani, maji yalitoka wapi, nani alifundisha neno kabla halijaandikwa, na nani alilia nyumbani wakati wengine wakishangilia njiani. Wakiuliza hivyo watakutana na wanawake wengi wasiotajwa, weusi kwa weupe. Wazee wawili wa Kuruman walifanya kazi pamoja nusu karne; mmoja ana majina mengi vitabuni, na mwingine hukumbukwa aghalabu kama mke wa huyu na mama mkwe wa yule. Watswana, walipowaita, waliwapa majina yaliyolingana, na yote mawili yalitoka kwa mtoto mmoja. Katika jambo hilo walikuwa waandishi wa historia wenye haki kuliko wengi waliokuja baada yao.